Mkwaju ulioota Tokyo: muziki "usiojulikana" haujulikani kwa nani?

Mwaka 1981 ilitoka Japani albamu iitwayo Mkwaju. Kundi lililoipiga liliitwa Mkwaju Ensemble, na kiongozi wake alikuwa Midori Takada, mpiga marimba (zile za vipande vya mbao vinavyogongwa) na ngoma, aliyesomea Tokyo, akafika hadi kupiga na okestra ya redio mjini Berlin mwaka 1978, kisha akageukia midundo ya Afrika na Asia. Mtayarishaji wao alikuwa Joe Hisaishi, ambaye miaka michache baadaye alikuja kutunga muziki wa filamu za katuni za Hayao Miyazaki, ile ya Totoro ikiwemo.

Mimi nimekunywa ukwaju tangu utotoni, na marimba za vidole za Wagogo nilizizoea kabla sijajua kwamba kuna watu wanaoziita ala za kigeni. Hata hivyo nilikuwa nimeshapita miaka thelathini ndipo nikajua kuwa kuna Wajapani waliokaa studio miaka arobaini iliyopita wakapiga marimba chini ya jina la mti wetu. Sikuipata albamu hiyo kwa ujanja wowote. Mpwa wangu alikuwa akitazama Totoro kwa mara ya ishirini, muziki ukaniingia, nikasoma majina mwishoni mwa filamu. Nikalitafuta jina la Hisaishi kwenye Discogs, ile hazina kubwa ya orodha za santuri, nikashuka hadi kazi zake za zamani kabisa. Katikati ya maandishi ya Kijapani nikakutana na neno la Kiswahili. Nilidhani macho yananidanganya.

Rafiki niliyemsikilizisha aliniuliza swali ambalo limenikaa hadi leo: "Huu muziki umejificha wapi siku zote?" Nilitaka kumjibu haraka, nikagundua swali lenyewe limefungana kama uzi wa mshipi.

Tuanze kuufungua mwisho mmoja. Tukisema muziki fulani haujulikani, lazima tuulize haujulikani kwa nani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alipita Bonde la Ufa na mashine yake ya kurekodi, akafika kwa Wakipsigis. Wasichana wa huko wakamwimbia wimbo uitwao Chemirocha. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimeshafika huko. Jina likapita kwenye ulimi wa Kikipsigis likabadilika, na mwenye jina naye akabadilika, akawa kiumbe nusu mtu nusu swala.

Kwa wapenzi wa muziki wa London na New York, wimbo huo ukawa lulu iliyookotwa mbali. Lakini angalia mwendo wake. Kwanza ulifika muziki wa mgeni. Wenyeji wakauchukua, wakaufinyanga, wakaupa pembe na kwato. Ndipo akaja mgeni wa pili na mashine, akauchukua uliofinyangwa na kuuita ugunduzi. Mkusanyo wa Tracey uko ILAM, maktaba ya sauti aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda. Mfululizo wake mkuu peke yake una santuri 210. Katika miaka ya 2010 watu wa ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha nakala kule ziliporekodiwa, na baadhi ya walioimba mwaka 1950 walikutwa wangali hai. Wimbo uliokuwa adimu duniani ulikuwa na wenyewe, wamekaa zao nyumbani na wajukuu.

Majina ya rafu

Sehemu kubwa ya tatizo ni majina. Chukua hili la "muziki wa dunia". Wasomi wa Marekani walilitumia tangu miaka ya 1960, lakini maana yake ya sokoni ilizaliwa kwenye baa moja ya London, Empress of Russia, tarehe 29 Juni 1987. Wenye lebo ndogo za muziki walikutana pale na shida ya kiduka kabisa: wenye maduka ya santuri hawakujua waziweke wapi kanda za Mali, Bulgaria au Zanzibar, na kisichokuwa na rafu hakinunuliwi. Wakakubaliana jina moja, wakachanga pesa, wakachapisha vibao vya kuweka kwenye rafu. Basi. Hakuna aliyedai kwamba taarab na qawwali ya Pakistani ni ndugu. Walitaka tu mteja ajue aelekee kona ipi. Rafu ile ilisaidia watu wengi kula mkate wao, na siwezi kuibeza. Ila ilimfundisha msikilizaji kutafuta muziki kwa ramani badala ya kuutafuta kwa masikio, na ndiyo maana hadi leo ukimtafuta Mtanzania anayefanya muziki wa kielektroniki utamkuta amewekwa karibu na ngoma za kitalii.

"Muziki wa majaribio" nao una kasoro yake: historia yake husimuliwa kana kwamba majaribio yalifanyika Ulaya, sisi wengine tukatoa malighafi. Masimulizi ya kawaida huanzia Paris mwaka 1948, Mfaransa Pierre Schaeffer alipounganisha sauti za treni alizozirekodi. Kazi kubwa, sina ubishi. Lakini mwaka 1944 mjini Cairo, kijana Mmisri Halim El-Dabh aliazima kwenye kituo cha redio mashine iliyorekodi kwa waya, akaenda nayo kwenye zar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Akarudi na sauti zile studio, akazichuja hadi maneno yakayeyuka, akaziongezea mwangwi, kikabaki kitu kama pumzi ya umati ukiusikia kupitia ukuta mnene. Akakisikilizisha watu kwenye ukumbi wa sanaa Cairo mwaka huohuo, miaka minne kabla ya treni za Paris. Kipande cha dakika mbili hivi cha kazi hiyo kilikuja kuingia kwenye CD mwaka 2000. Kwa zaidi ya nusu karne kilijulikana kwa wachache mno, na mtunzi mwenyewe alikuwa hai, profesa Marekani, hadi alipofariki mwaka 2017.

Sasa ambienti, muziki tulivu wa kuandama hewa ya chumba. Kisa cha Mwingereza Brian Eno, aliyeupa muziki huu jina, kimesimuliwa hadi kimechuja, nitakipitia mbio. Mwaka 1975 aligongwa na teksi, akalala kitandani, rafiki akamwekea santuri ya kinubi akaondoka. Sauti ilikuwa chini mno, mvua ikinyesha nje, naye hana nguvu za kuinuka. Muziki ukachanganyika na mvua, akaanza kuusikia kama sehemu ya chumba. Mwaka 1978 akaandika maelezo ya albamu yake ya viwanja vya ndege, akidai muziki wa namna hiyo uwe na uwezo wa kusikilizwa kwa makini na vilevile kupuuzwa bila kudhurika.

Kwangu mimi Wajapani ndio waliolichukua wazo hilo wakalifikisha pazuri zaidi. Hiroshi Yoshimura alitengeneza mwaka 1982 albamu ya vipande tisa vya kinanda cha umeme, vyepesi kama maji ya mtungini, vikipigwa kwenye jumba la sanaa la Hara, Tokyo. Wageni wa jumba hilo wakauliza muziki huu ni wa nani, unapatikana wapi. Ndivyo ulivyotoka kuwa santuri. Yaani ulianza kama taa au kiti cha jumba, na huo ndio mzizi wa kujificha kwake: muziki uliotengenezwa kwa ajili ya jengo hauna mtu wa kuupeleka redioni.

Kuna wasomaji watakaosema hawawezi kusikiliza kitu kisicho na mwimbaji. Nawaelewa. Ila aliyewahi kukaa kwenye taarab asilia akaisubiri bashraf imalizike kabla mwimbaji hajainuka, huyo anaijua kazi hii tayari. Usingoje kiitikio. Sikiliza kinachobadilika: sauti ipi imeingia, ipi imetoka bila kuaga.

Jinsi muziki unavyopotea njiani

Santuri ya aina hii huchapwa nakala chache, mia tatu, mia tano. Lebo ikifa, haki zake huuzwa pamoja na meza na viti kwa kampuni ambayo haijui imenunua nini. Mkanda mama huoza au hurekodiwa juu yake. Jina la msanii huandikwa kwa tahajia tatu kwenye jalada moja. Ikifika zama za intaneti, anayetaka kuutoa muziki huo upya lazima ampate mwenye haki, na mwenye haki mara nyingi ni familia isiyojua kama ina haki yoyote, au mtu aliyebadili kazi zamani.

Mfano ninaoupenda ni wa Mghana Ata Kak. Alikuwa akiishi Toronto, akatengeneza nyumbani mwaka 1994 kanda ya rapu ya Kitwi juu ya midundo ya kompyuta, ya kasi na ya kichekesho. Zikatengenezwa kanda hamsini hivi, zikauzwa za kuhesabu kwa vidole. Mwaka 2002 mwanafunzi Mmarekani, Brian Shimkovitz, akainunua moja barabarani Cape Coast. Mwaka 2006 ilikuwa ndiyo kanda ya kwanza aliyowagawia watu mtandaoni, ikasambaa. Ikamchukua miaka mingi kumpata mwenyewe, na toleo rasmi likatoka 2015. Mkanda mama ulipofunguliwa ulikuwa umeharibika, ikabidi itumike ileile kanda ya barabarani. Hapa lazima nijisahihishe: nimesema muziki adimu huwa na wenyewe wanaoujua, lakini huu haukuwa na msikilizaji popote, si Toronto wala Kumasi. Ila ni nadra. Kwa kila Ata Kak mmoja kuna Chemirocha wengi.

Halafu ikaja mashine, ile programu ya mtandaoni inayokuchagulia cha kusikiliza. Watu wengi waliompata Yoshimura au Takada katika muongo uliopita hawakumtafuta. Walikuwa wanasikiliza jambo jingine kwenye YouTube, likaisha, ikaja hiyo. Takada alikuwa ametoa mwaka 1983 albamu aliyoirekodi kwa siku mbili akipiga kila ala peke yake, marimba, kengele, hadi chupa za soda. Haikuuza. Mtu fulani akaipandisha mtandaoni, ikasikilizwa mara mamilioni, santuri za awali zikawa zinauzwa mamia ya dola, na mwaka 2017 ikatolewa upya. Takada akarudi jukwaani duniani kote akiwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Muziki wa kundi la Mkwaju nao ukatolewa upya mwaka uliofuata.

Kwa nini mashine ilimchagua yeye? Algorithimu, yaani hesabu inayoiendesha, haisikii muziki. Inahesabu: aliyesikiliza hiki alikwenda kwenye kipi, akakaa dakika ngapi, akatokea wapi. Muziki tulivu wa dakika arobaini, ambao mtu anauwasha akiwa na kazi zake na haugusi tena hadi uishe, unaonekana kwenye hesabu hiyo kama mapenzi makubwa. Huenda msikilizaji alikuwa amelala. Mashine haijali. Kwa hiyo ambienti ya Japani ilipanda, na muziki mgumu, wenye kelele, unaomfanya mtu akurupuke kuuzima, ukabaki chini ingawa ni mzuri vilevile. Tena mashine inajua tu kilichopandishwa. Kanda ambayo hakuna aliyeipandisha, kwa mashine haijawahi kuwepo.

Na tahadhari moja. Tanzania tunawajua wafanyakazi hewa. Kwenye orodha za muziki wa kulalia na kusomea kuna wasanii hewa. Waandishi wa habari wameshaonyesha kwamba sehemu ya orodha hizo hujazwa vipande vya bei nafuu vilivyoagizwa kwa jumla, vikapewa majina ya watu wasiokuwepo, na sasa programu zinatengeneza muziki huo zenyewe. Dalili yake naijua: msanii ana wasikilizaji mamilioni, hana hata picha moja, hana onyesho hata moja, hana mji.

Soma nyuma ya jalada

Kinachonisaidia mimi kuliko mashine ni tabia ya kizamani: nasoma nyuma ya jalada. Msanii ni mtu mmoja, lakini lebo, studio na mtayarishaji ni barabara zenye watu wengi. Chukua Crammed Discs ya Brussels. Mwaka 1983 walitoa kazi ya Mkongo Bony Bikaye na Mfaransa Hector Zazou, sauti ya Kikongo ikitembea juu ya mashine za umeme zinazokwaruza. Mmoja wa watu wa lebo hiyo, Vincent Kenis, alikuwa amesikia redioni rekodi ya kundi la Kinshasa lililopiga likembe, jamaa ya marimba zetu za vidole, zilizounganishwa na vipaza sauti vya kujiundia kwa sumaku za magari mabovu. Aliwatafuta kwa karibu miaka ishirini. Aliwapata mwaka 2000: Konono No. 1, chini ya mzee Mawangu Mingiedi, na albamu yao ikatoka 2004. Wazungu wa klabu wakaisikia wakadhani ni tekno. Mingiedi alikuwa akipiga muziki wa asili wa Wazombo. Umeme aliuongeza kwa sababu mji una kelele na watu walikuwa hawamsikii.

Ukiifuata lebo hiyohiyo hadi mwaka 2012 unatua Dar es Salaam: Jagwa Music, watu wa mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar, na kinanda kidogo cha Casio kinachopigwa hadi kinalia kama nyigu kwenye kopo. Sababu ni ileile ya Kinshasa, vifaa duni na mtaa wenye makelele, vikazaa sauti ambayo maprofesa wa Ulaya wangeomba ruzuku kuitafuta. Kutoka mchiriku ukiuliza watoto wake ni akina nani, utafikishwa Mburahati kwenye studio ya Sisso, na mkusanyo wa singeli ambao Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliutoa mwaka 2017. Ulaya uliandikwa kama muziki wa majaribio wa hali ya juu, wa kasi isiyoaminika. Mburahati ni muziki wa Jumamosi. Nimewahi kumsikia dereva wa bodaboda akiulizwa na mgeni kama anaijua "medani ya chini kwa chini" ya singeli. Alimwambia haiko chini, iko hapo kwenye kona, na leo kuna vigodoro viwili.

Baadhi ya watu hukasirishwa na hili, wakasema tunaporwa. Sikubaliani kwa ujumla, nakubaliana kwa sehemu. Swali langu huwa dogo: jina la mpigaji limeandikwa? Mkataba upo? Pesa inamfikia? Ndiyo sababu napenda kununua Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ninapoweza, kwa kuwa msanii mwenyewe au lebo yake ndiyo muuzaji na sehemu kubwa ya bei humwendea. Kijana wa Nairobi anayejiita KMRU, mmoja wa watunzi wa ambienti wanaoheshimika sana sasa, hutumia jukwaa hilohilo kutoa upya kazi za babu yake, Joseph Kamaru, mwimbaji mkubwa wa Kikikuyu aliyefariki 2018. Wote wawili jina lao ni Joseph Kamaru. Aliyekuja kwa ajili ya ukimya wa mjukuu anatoka na gitaa la babu.

KMRU huyohuyo mwaka 2022 alitoa kazi aliyoijenga kutokana na rekodi zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, zile zilizokusanywa Afrika enzi za ukoloni. Ngoma na sauti za watu zinainuka kutoka ndani ya ukungu, zinazama tena kabla hujazitambua. Rekodi zilikuwepo miaka yote, zimewekewa namba, zimepangwa vizuri kwenye chumba chenye ubaridi wa kipimo. Waliozipiga ndio hawakuwa na ufunguo.

Nami ninayo yangu. Ni kanda niliyoikuta kwenye sanduku la marehemu shangazi, Tanga, haina jalada, imeandikwa kwa kalamu ya wino "harusi, usiku" na mwaka 1991. Upande wa pili, baada ya waimbaji kumaliza, mpiga kinanda amebaki peke yake. Anapiga kwa dakika kumi na nne, polepole, noti zilezile akizipindua, huku nyuma zinasikika sufuria zikioshwa na mtoto akilia. Ni ambienti safi, kama Eno na mvua yake, ila mpigaji alikuwa tu akisubiri kulipwa. Nimeicheza kwa watu wengi, hakuna anayemjua. Mwezi uliopita mama mmoja wa Ngamiani aliisikiliza hadi mwisho, akasema vidole hivyo anavifahamu, ila jina limemtoka. Akaniambia nimuulize fundi redio aliyekuwa akirudufu kanda karibu na soko, ambaye siku hizi, amesikia, yuko Korogwe.